Shangazi Ajibu: Mwenzangu ana kipaji, mimi nina juhudi tu

Swali: Shangazi shikamoo. Niko Busia upande wa Uganda, nilimaliza S.4 (kidato cha nne) karo ikakosekana ndo mama akanipeleka kujifunza ushonaji kwa madam mmoja karibu na soko. Sa hizi naenda mwaka wa pili. Kuna mwenzangu alikuja nyuma yangu kabisa, yeye anaangalia tu picha ya nguo kwenye simu, anachukua chaki, anakata, na inatoka! Mimi napima mara mbili mara tatu, asubuhi nafika wa kwanza jioni natoka wa mwisho lakini mabega ya gomesi, lile gauni la kina mama wa Uganda lenye mabega yaliyosimama, yamenishinda, yanalala, madam anayafumua ananirudishia. Mama anasema mvumilivu hula mbivu. Madam naye kaniambia mbele ya wateja ati kuna watu Mungu hakuwapa mkono. Niendelee ama nikauze nyanya na dada? Kipaji na juhudi, kikubwa ni kipi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Maneno ya madam yanauma na kuyasema mbele ya wateja ni ukosefu wa adabu, hilo tuliweke pembeni. Ila sitakudanganya pia. Siku hizi kuna watu wanazunguka na vipaza sauti wakihubiri kwamba kipaji hakuna, ni kujituma tu, na mimi hiyo siiamini hata kidogo. Kipaji kipo.

Kuna mtu wa Bahamas anaitwa Donald Thomas, alikuwa mcheza basketi chuoni Marekani. 2006 wakabishana na mwenzake wa riadha kama anaweza kuruka juu, akaruka, na 2007 kule Osaka, Japani, huyo huyo akawa bingwa wa dunia wa kuruka juu kwa mita 2.35. Mwaka mmoja na kitu tu! Uwanjani siku hiyo alikuwepo Stefan Holm wa Sweden, aliyekuwa anaruka tangu utoto wake, mtu mfupi kwa mchezo ule maana urefu wake ni mita 1.81, akaishia wa nne. Hapo ungekuwa wewe Holm si ungelia? Sasa subiri, huyo Holm alikuwa tayari na dhahabu ya Olimpiki ya Athens 2004, na 2005 aliruka mita 2.40 kwenye uwanja wa ndani, na ufupi wake huo huo. Kwa hiyo ukiniuliza nani kati yao anathibitisha nini, kila mtu atachukua anachopenda.

Mimi nakupeleka kwa wa kwetu. Machi 2017 mbio za nyika za dunia zilifanyika hapa hapa Kampala, uwanja wa Kololo, na Joshua Cheptegei wa Kapchorwa alikuwa anaongoza mbele kabisa, watu wamesimama wanapiga kelele, ile raundi ya mwisho miguu ikakataa. Ikakataa kabisa banange, watu wakampita mmoja mmoja mpaka akamaliza wa 30. Agosti mwaka huo huo akapata medali ya fedha ya mita 10,000 London. 2019 akachukua hizo hizo mbio za nyika kule Aarhus, Denmark, 2020 akavunja rekodi ya dunia ya mita 5,000 Monaco na ya 10,000 Valencia, alafu dhahabu ya Olimpiki Tokyo na nyingine Paris 2024. Mwanangu, kipaji alichokuwa nacho Kololo ndicho alichokuwa nacho Monaco, miguu ni ile ile aliyozaliwa nayo. Kama kipaji peke yake ndo kinaamua, ile siku ya wa 30 tutaielezaje?

Lakini wewe si mkimbiaji, na hapa ndo naona mama yako na madam wote wawili wanakuchanganya. Kwenye mbio dhahabu ni moja, wa pili amekosa, kwa hiyo pale juu kabisa ambapo wote wanafanya mazoezi mpaka basi, kipaji kidogo tu kinaweza kuamua. Ushonaji hauna mstari wa kumalizia. Kila arusi, kila sherehe ya kutoa mahari, wamama wanataka gomesi mpya, na hakuna mteja atakayekuuliza ulijifunza kwa miezi mingapi ama mwenzako alimaliza lini, atajiangalia kwenye kioo aone mabega yamesimama ama yamelala, basi. Huyo mwenzako amekushinda spidi ya kujifunza. Wateja hajawamaliza.

Sasa juhudi yako. Unapima mara tatu, sawa, lakini kwani kosa liko kwenye kupima? Bega la gomesi linalala mara nyingi kwa sababu ya vile ulivyokunja na vile ulivyoshika kile kitambaa kigumu cha ndani kabla ya kushonea mkono wa nguo, hapo unaweza kupima mpaka kesho na bado likalala. Kufika wa kwanza na kutoka wa mwisho ukirudia kosa lile lile ni kuchoka tu. Halafu madam akifumua wewe unakuwa wapi? Mwombe akuachie ufumue mwenyewe, taratibu, uone uzi gani ulitangulia. Na yule mwenzako usimkimbie, mnunulie hata chapati, mwambie akushonee bega moja tu kwenye vipande vya kutupa, alafu ulifumue hilo lake lililosimama. Mtu wa kipaji ukimuuliza amefanyaje atakwambia "nimeshona tu", hajui kueleza, lakini nyuzi zitakuonyesha. Baada ya hapo shona mabega matupu kwenye mabaki, gomesi ya mtu usiiguse kwanza.

Kitu kingine ambacho wanaohubiri uvumilivu hawakitaji ni hela. Kuvumilia kunataka mtu wa kukulisha, na mama yako hawezi kubeba miaka mitano. Kwa hiyo jiwekee mwisho, mimi nasema msimu wa yunifomu. Shule zinafungua muhula wa kwanza mwezi wa pili na kabla ya hapo mafundi wote wanazidiwa, sketi na mashati ya saizi moja mia moja, na pale mtu anayepima mara tatu ndo anatafutwa, yule wa kukata kwa macho atawaharibia. Chukua hizo kazi. Zikikuingizia hela na bega bado linalala, kuwa fundi wa yunifomu, gomesi waachie wengine, si aibu. Nyanya za dada zipo tu.

Swali: Shangazi, kijana wangu yuko S.2 hapa Arua, anacheza mpira vizuri mno, kocha anasema ni kipaji cha kuzaliwa na sasa anataka kuacha shule. Nimruhusu?

Jibu: Hapana mzee. Cheptegei mwenyewe alianza na mpira kabla ya mbio, kwa hiyo mtoto wa umri huo hata yeye hajui kipaji chake kiko wapi. Tena shule nyingi zinatafuta wachezaji na kuwapa basari, yaani msaada wa karo, akiacha shule ndo anafunga mlango wenyewe. Huyo kocha mwambie aje na barua ya shule yenye basari, maneno ya uwanjani yabaki uwanjani.

Swali: Nimerudia S.6 na bado sikupata pointi za udaktari. Nirudie tena? Kila mtu ananiambia nisikate tamaa.

Jibu: Usirudie. Kila mtu huyo hakulipii karo. Kuna diploma ya tabibu, kuna uuguzi, kuna maabara, na kwa diploma watu wanaingia chuo kikuu baadaye wakiwa tayari wanajua wodi inanukaje. Wiki hii nenda vyuo viwili vitatu vya afya uulize wanataka nini, na karatasi zako za S.4 usiziache nyumbani, watazitaka.