Kitufe cha Wi-Fi Kisichoitika Kwenye Linux: Majibu kwa Wasomaji Watatu

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari mkoani Morogoro. Kompyuta mpakato yangu niliinunua ikiwa imekwisha kutumika, nikaiwekea Ubuntu, mfumo endeshi wa familia ya Linux, nayo imenifaa kwa miaka miwili. Kitufe cha F12, chenye alama ya mnara wa mawimbi, kilikuwa kikiwasha na kuzima Wi-Fi vizuri hadi nilipouruhusu mfumo ujisasishe. Tangu siku hiyo kitaa chake kimeganda kwenye rangi ya chungwa, nikibonyeza hakuna kinachotokea, na Wi-Fi yenyewe haiwaki. Fundi anasema dawa ni kufuta diski na kuweka mfumo upya, lakini humo mna alama za wanafunzi wangu wote. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu, usifute diski. Nalitanguliza hili kwa sababu ushauri wa aina hiyo hutolewa kwa wepesi mno, na inaniuma kuona kazi ya mtu ya miaka mingi ikihatarishwa kwa ajili ya kitufe kimoja. Nakili alama za wanafunzi kwenye flashi leo hii, kama tahadhari ambayo ungepaswa kuichukua hata mashine ikiwa nzima, kisha tuutafute ubovu mahali ulipo.

Kitufe hiki hakifanyi kazi kama herufi A. Ukibonyeza A, kibodi inatuma msimbo unaojulikana na kila mfumo endeshi. Kitufe cha Wi-Fi kina safari ndefu zaidi: kwanza kinasomwa na chipu ndogo inayosimamia kibodi, feni na chaji ya betri, chipu hiyo, kwa namna aliyoichagua mtengenezaji, ama inatuma msimbo wa ziada kupitia njia ya kawaida ya kibodi, ama inapeleka taarifa kwa keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, kupitia ACPI au WMI, njia ambazo mashine hutumia kuongea na mfumo endeshi, ndani ya keneli panatakiwa pawe na moduli, yaani kipande cha programu, inayoielewa lugha ya mtengenezaji huyo, na mwishoni keneli yenyewe, au eneokazi kama GNOME, yaani madirisha na menyu unazoziona, ndiyo inayoamua kuizima au kuiwasha redio, yaani sehemu ya kadi inayorusha mawimbi ya Wi-Fi. Mnyororo huu ukikatika popote pale, wewe utaona jambo moja tu, kwamba umebonyeza na hakuna jibu. Ndiyo maana sishauri kubadilisha chochote kabla hatujajua umekatikia wapi.

Tuanzie mwishoni mwa mnyororo, kwa sababu huko unaweza kuipata Wi-Fi yako leo hii, hata kama kitufe chenyewe bado hakijapona. Fungua dirisha la amri uandike:

rfkill list

Majibu yatafanana na haya:

0: phy0: Wireless LAN
    Soft blocked: yes
    Hard blocked: no

Chini ya kila redio kuna mistari miwili. Ule wa kwanza unahusu zuio la programu, yaani zuio ambalo mfumo umejiwekea na unaweza kujiondolea. Wa pili unahusu zuio la maunzi, yaani la vifaa vyenyewe vya kompyuta, ambalo Linux hulisoma tu na haina mamlaka ya kuliondoa. Ikiwa lako ni la programu, kama ninavyotarajia, amri hizi mbili zitatosha:

sudo rfkill unblock wifi
nmcli radio wifi on

Ya pili inahitajika kwa sababu NetworkManager, programu inayosimamia miunganisho katika Ubuntu, ina kumbukumbu yake yenyewe ya kama Wi-Fi inaruhusiwa au la. Zaidi ya hapo, systemd, programu inayoanzisha huduma za mfumo, huhifadhi hali ya kila redio ndani ya /var/lib/systemd/rfkill na kuirejesha kompyuta inapowashwa. Kwa hiyo kitufe kikiacha kufanya kazi wakati Wi-Fi imezimwa, redio itabaki imezimwa hata ukiiwasha mashine upya mara kumi. Wapo wanaoliona hili wakaamini kwamba kadi imeungua, wakanunua nyingine. Kuhusu kitaa cha rangi ya chungwa, usikitegemee kama ushahidi, kwa maana kwenye mashine nyingi kitaa hicho huongozwa na moduli tofauti na ile inayoiongoza redio, na huweza kubaki na rangi ya zamani wakati Wi-Fi inafanya kazi.

Sasa twende kwenye kitufe. Kwa kuwa tatizo lilianza baada ya kusasisha, jaribu kwanza keneli ya zamani, ambayo Ubuntu huihifadhi kando ya mpya. Washa mashine ukiwa umeshikilia Shift, au ukibonyeza Esc kwenye mashine za kisasa zinazowaka kwa UEFI, hadi itokee menyu ya GRUB, ambayo huchagua mfumo wa kuwasha. Chagua mstari wa Advanced options for Ubuntu, kisha keneli yenye namba ndogo zaidi. Kitufe kikifufuka, basi mkono wako, kibodi na chipu havina kosa lolote, bali moduli ndani ya keneli mpya ndiyo iliyobadilika. Endelea kutumia ile ya zamani kwa muda, na uwaarifu watunzaji wa Ubuntu, kwa sababu kasoro ambayo haijaripotiwa huenda ikadumu kwa matoleo mengi.

Kitufe kisipofufuka, angalia kama kubonyeza kwako kunaifikia keneli. Andika sudo dmesg -w, amri inayoonyesha ujumbe wa keneli papo hapo, uache dirisha wazi, ubonyeze kitufe mara mbili au tatu. Mara nyingine keneli yenyewe hukueleza kila kitu, kwa maneno kama haya:

atkbd serio0: Unknown key pressed (translated set 2, code 0xd7 on isa0060/serio0).
atkbd serio0: Use 'setkeycodes e057 <keycode>' to make it known.

Maana yake ni kwamba msimbo umefika salama ila haujapewa jina. Kitufe cha Wi-Fi katika Linux kina namba 238, na kile cha kuzima redio zote kwa pamoja, Bluetooth ikiwamo, kina namba 247. Kwa mfano huu ungeandika sudo setkeycodes e057 238, ukajaribu hapo hapo. Tafadhali usinakili e057 yangu. Chukua namba ambayo mashine yako imekutajia. Jaribio likifaulu, lifanye la kudumu kwa kuunda faili /etc/udev/hwdb.d/90-kitufe-wifi.hwdb lenye mistari miwili, wa pili ukianza na nafasi moja tupu, kwani bila nafasi hiyo faili halisomeki inavyotakiwa:

evdev:atkbd:dmi:*
 KEYBOARD_KEY_d7=wlan

Hapa pia, d7 imetoka kwenye 0xd7 ya mfano wangu, nawe weka ya mashine yako. Kisha endesha sudo systemd-hwdb update, na baada yake sudo udevadm trigger.

Ikiwa dmesg imenyamaza, sakinisha evtest, programu ya kupima vitufe, kwa kuwa Wi-Fi unayo tayari, uiendeshe kwa sudo. Itakuorodheshea vifaa vyote vya kuingizia, na hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu wanachagua kibodi, wanabonyeza, hawaoni kitu, wanakata tamaa. Kitufe cha Wi-Fi mara nyingi kinaishi kwenye kifaa kingine kabisa katika orodha hiyo, chenye jina kama HP WMI hotkeys, Dell WMI hotkeys, ThinkPad Extra Buttons au Intel HID events. Kijaribu kila kimoja kwa subira. Ukiona KEY_WLAN au KEY_RFKILL ikijitokeza, basi keneli imetimiza wajibu wake, na ubovu uko kwenye eneokazi. Ingia kwa akaunti mpya ya mtumiaji ujaribu humo, ili ujue kama ni mipangilio yako ndiyo iliyoharibika.

Usipoona chochote kwenye kifaa chochote, basi chipu ya kibodi haijatuma taarifa. Zima mashine, chomoa chaja, toa betri ikiwa inatoka, ushikilie kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, kisha urudishe kila kitu. Chipu ile hubaki na umeme hata kompyuta inapozimwa, kwa hiyo kuwasha upya kwa kawaida hakuiondolei mkanganyiko wake. Pita pia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla ya mfumo kuwaka, uangalie kama safu ya F1 hadi F12 imebadilishwa hali, maana huenda sasa F12 inahitaji kubonyezwa pamoja na Fn.

SWALI: Ninaandika kutoka Mombasa. Kwangu rfkill inaonyesha ideapad_wlan ikiwa na Hard blocked: yes, lakini phy0 haina zuio lolote. Nimekagua kingo zote za kompyuta, hakuna swichi hata moja. Nitaiwasha vipi swichi isiyokuwepo?

JIBU: Maelezo yako ni kamili, na ndani yake mna jibu. Jina phy0 ni la kadi yenyewe, nayo inasema haijazuiwa. Aliyesema imezuiwa ni ideapad_laptop, moduli inayoshughulikia vitufe vya mashine za Lenovo IdeaPad. Moduli hiyo huiuliza programu dhibiti, ile iliyopachikwa ndani ya mashine na mtengenezaji, hali ya swichi ya pembeni, na katika mashine zisizo na swichi, programu dhibiti huweza kujibu kwamba swichi imezimwa. NetworkManager inaliamini jibu hilo na kukataa kuiwasha Wi-Fi. Kwa miaka kadhaa waundaji wa keneli waliweka orodha ya mashine zisizo na swichi ili jibu lao lipuuzwe; orodha ikarefuka kwa kila mashine mpya, hadi wakaamua kuigeuza, ili swichi iaminiwe tu kwenye mashine zinazojulikana kuwa nayo. Kwa hiyo tiba bora kwako ni keneli mpya zaidi, ambayo unaweza kuipakua kwa kuunganisha simu kwa waya wa USB na kushiriki data yake.

Kabla ya hapo, hakikisha kwa amri ya sudo modprobe -r ideapad_laptop. Wi-Fi ikiamka mara moja, tumemjua mhusika. Unaweza kuizuia moduli hiyo isipakiwe kwa kuandika blacklist ideapad_laptop ndani ya faili katika /etc/modprobe.d, lakini utapoteza na mengine inayoyafanya, kama vitufe vingine vya ziada na ile hali ya kulinda betri isijazwe hadi mwisho. Mimi ningeitumia njia hii kwa muda tu.

Ikiwa zuio lingekuwa kwenye phy0, ningekuambia jambo lingine, kwani hilo hutoka kwenye waya halisi. Kadi za Wi-Fi za aina ya mini PCIe zina pini ya 20 iliyotengwa kwa kazi ya kuzima redio, na umeme kwenye pini hiyo ndio unaoamua. Hakuna amri ya Linux inayoweza kuushinda. Wapo wanaoifunika pini hiyo kwa kipande cha utepe. Sipendi njia hiyo, kwa sababu utepe hung'oka kwa joto na kuacha gundi kwenye soketi. Afadhali kuangalia BIOS, na kwa wenye Windows kwenye mashine hiyo hiyo, kuiingia, kuiwasha Wi-Fi humo, na kuondoa uwashaji wa haraka, ambao huacha vifaa katika hali ya nusu usingizi.

SWALI: Kitufe changu kinafanya kazi kupita kiasi. Nikibonyeza mara moja, Wi-Fi inazimika kisha inawaka yenyewe, au Wi-Fi inazimika na Bluetooth inawaka. Moduli iliyopakiwa ni asus_nb_wmi. Msomaji, Nakuru.

JIBU: Ndugu yangu wa Nakuru, kuna mikono miwili kwenye swichi moja. Programu dhibiti inaona umebonyeza na kuigeuza hali ya redio, kisha inaitaarifu Linux, nayo inaigeuza tena. Moduli uliyoitaja ina kigezo kiitwacho wapf kinachoeleza nani ashike swichi. Waandishi wake wenyewe wamekiri ndani ya msimbo kwamba maana ya kila thamani haijajulikana kikamilifu, ila kwa kawaida 0 huiachia programu dhibiti kazi yote, 1 huipa Linux Wi-Fi pekee, na 4 huipa Linux Wi-Fi na Bluetooth. Hali ya kuzimika Wi-Fi huku Bluetooth ikiwaka inaonyesha kazi imegawanywa vibaya, kwa hiyo anza na 4. Unda faili /etc/modprobe.d/asus.conf lenye mstari huu mmoja:

options asus_nb_wmi wapf=4

Ikiwa unatumia Ubuntu, Debian au Mint, endesha pia sudo update-initramfs -u, ili mfumo ulisome faili hilo mapema unapowaka, kabla ya kuwasha upya, kisha utazame rfkill list baada ya kila mbonyezo. Thamani ya 4 isipokupa mabadiliko moja kwa kila mbonyezo, weka 1 mahali pake urudie hatua hizo hizo.