Jibu: Kozi ya fizikia mtandaoni kwa kijana anayesomea nyumbani, Uyole, Mbeya

Dada, umeuliza kozi ipi imfae kijana wako wa miaka 15. Kabla ya kozi, amua kwanza mtihani. Kama ni wa NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania), atakuwa mtahiniwa wa kujitegemea, na kwa kuwa hakufanya upimaji wa kidato cha pili, ataanza na Mtihani wa Maarifa (QT) ndipo afike kidato cha nne. Kama ni Cambridge IGCSE, mtihani wa kimataifa wa sekondari kutoka Uingereza, fizikia yao namba 0625 ina karatasi ya 6, inayopima vitendo kwa maandishi bila kuingia maabara. Ndiyo maana wanaosomea nyumbani huipenda.

Khan Academy, tovuti ya masomo, ni bure na inaeleza vizuri, ila haifuati mtaala wetu. Itumie kama nyongeza. Ukilipia kozi, lipia mwalimu anayesahihisha kazi. Video ziko tele bure. Uliza pia kama masomo yanapakuliwa, maana umeme wa huku tunaujua.

Vitendo ndipo kozi nyingi hupwaya. PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder ina majaribio ya kwenye skrini, bure, lakini ashike vitu pia. Uzi, jiwe la kuning'iniza libembee, rula na saa ya simu vinatosha kupima mvutano wa dunia. Halafu achemshe maji na kipimajoto: Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi, yatachemka karibu nyuzi 94, si 100. Mwambie akueleze kwa nini maharage yanamaliza mkaa.

Hesabu zake zikoje? Kama milinganyo bado inampa shida, ahirisha malipo muhula mmoja aimarishe hesabu kwanza.