Mwanangu, kabla hujamfuata Sam Houston

Umeniuliza kwenye kundi la ukoo mbele ya wajomba zako wote, kwa hiyo nami nakujibu hapa hapa. Umesema umemaliza shahada ya sheria, una miaka 25, na umesoma habari za Sam Houston, ambaye jiji hili la Houston, Marekani, ninaloishi limepewa jina lake. Alianza askari, akaumia vitani, akasoma sheria, akawa mbunge, gavana, kisha rais wa Texas ilipokuwa nchi. Ukamalizia: "Mama mdogo, kama yeye aliweza, mimi nishindwe na nini?" Kisha ukaniomba nikutafutie njia ya kuingia jeshi la huku.

Mzee huyo namjua. Sanamu yake iko kwenye bustani ya Hermann Park, yuko juu ya farasi, mkono kaunyoosha mbele, na treni inayonipeleka kazini inapita jirani. Miaka 11 sasa.

Tarehe 27 Machi 1814, vitani Horseshoe Bend, mahali palipo Alabama ya leo, alichomwa mshale karibu na kinena, na siku hiyohiyo akapigwa risasi begani. Alikuwa na miaka 21. Kidonda cha mshale hakikufunga mpaka anazikwa mwaka 1863. Mimi kazi yangu ya usiku ni kuwageuza wazee kitandani na kuwasafisha, na baadhi yao walipigana Vietnam. Nikisoma kwamba mtu aliishi na kidonda kibichi miaka 49, sisomi ushujaa. Naona shuka zinazobadilishwa usiku wa manane. Ni kweli jeshi linaweza kukufikisha kwenye uraia haraka, lakini uwe kwanza na ukaazi wa kudumu, na wewe huo huna. Anayekuambia vingine anataka hela yako.

Sasa sheria. Alipoacha jeshi mwaka 1818 alikwenda Nashville, Tennessee, akasoma vitabu katika ofisi ya jaji mmoja. Masomo yaliyohesabiwa kuwa ya miezi 18 aliyamaliza kwa miezi sita, akafungua ofisi Lebanon, mji mdogo wa hukohuko Tennessee. Mwaka 1823 alikuwa bungeni Washington, 1827 gavana wa Tennessee. Mlango huo umefungwa siku nyingi karibu majimbo yote. Leo mtoto wa hapa anasoma shahada ya kwanza, halafu miaka mitatu ya sheria, ndipo afanye mtihani wa uwakili wa jimbo lake, na kila jimbo lina masharti yake. Shahada yako itapimwa kwanza, na kupimwa kunalipiwa kwa dola. Mimi nilifundisha sekondari Morogoro miaka tisa. Vyeti vyangu vimekaa kwenye bahasha tangu nishuke uwanja wa ndege. Nilianza kwa kubeba boksi, nikaja kwenye kazi hii, na nyumbani sikuwaambia kwa muda mrefu. Hilo lilikuwa kosa langu, maana nyie mliona picha tu.

Kuna sehemu hukuigusa kabisa. Mwaka 1829 ndoa yake ilivunjika kabla haijatimiza miezi mitatu. Akaacha ugavana, akakimbilia kwa Wacherokee, wenyeji wa asili wa Marekani waliomlea alipotoroka nyumbani akiwa kijana, akanywa pombe mpaka ikawa aibu. Wao wakampokea na kumpa uraia wao. Mwishoni mwa 1832 akavuka kuingia Texas, ambayo wakati huo ilikuwa Mexico. Yaani alikuwa mhamiaji kama mimi! Sheria ilimtaka mwenye ardhi awe Mkatoliki, naye akabatizwa. Tarehe 21 Aprili 1836 aliongoza jeshi lililomshinda Santa Anna, jenerali wa Mexico, pale San Jacinto kwa dakika 18.

Lakini angalia nafasi hiyo ilitoka wapi. Ardhi ilikuwa na wenyewe. Mexico ilikuwa imepiga marufuku utumwa mwaka 1829, na katiba ya Texas mpya ikaulinda. Sam Houston mwenyewe alimiliki watu. Namheshimu kwa jambo moja kubwa: mwaka 1861, akiwa gavana wa Texas, alikataa kula kiapo cha Majimbo ya Kusini yaliyojitenga, akavuliwa cheo akiwa na miaka 68. Alijua atapoteza, na akakataa.

Ila kati ya watu aliowamiliki alikuwemo Joshua, mhunzi, aliyejifunza kusoma akiwa bado mtumwa. Uhuru ulipokuja akachukua jina la Houston, akachaguliwa kamishna wa kaunti ya Walker, na mwanawe akaanzisha shule karibu na Huntsville. Ngozi yako na yangu, mwanangu, hapa Texas ingesimama upande wa Joshua. Ukisoma habari za jimbo hili, anza na huyo.

Kwa hiyo jeshi, hapana. Sitakutafutia. Maliza Law School of Tanzania, upate uwakili wako hapo nyumbani, halafu tutafute ufadhili wa shahada ya uzamili, uje ukiwa na cheo chako mkononi. Chumba ninacho, chakula kipo, hilo usilifikirie. Nitumie nakala za matokeo yako, na Jumapili nipigie saa kumi jioni ya huko. Huku itakuwa saa mbili asubuhi, nitakuwa nimetoka zamu.