Hojaji imenipa 24, mashine ya ubongo imenipa asilimia 41: niamini ipi?

SWALI: Nilijaza hojaji ya kuridhika na maisha yenye sentensi tano, nikapata alama 24. Wiki hiyohiyo mtoa huduma mmoja alinivisha mkanda wa kupima mawimbi ya ubongo, akaniambia kwamba kuridhika kwangu ni asilimia 41 na kwamba ubongo hausemi uongo. Nishike lipi?

JIBU: Shika hojaji, ila kwa kiasi chake. Kipimo hicho, kilichochapishwa na mwanasaikolojia Ed Diener na wenzake mwaka 1985, huanzia 5 hadi 35 na katikati yake ni 20, hivyo 24 ni kuridhika kidogo. Ukirudia mwezi ujao ukapata 22, usishtuke.

Kinachonikera ni hiyo asilimia 41, ambayo huletwa kwangu kila mara kwa sura mpya. Asilimia 41 ya nini? Elektrodi, yaani vihisi vya mkanda huo vya kwenye paji la uso, hunasa umeme mdogo mno, wa sehemu za milioni za volti, na ukipepesa macho au kukunja uso tu, umeme wa macho na misuli huufunika ule wa ubongo. Tuseme kasoro hiyo imeondolewa: mtengenezaji alijuaje kwamba wimbi fulani ndilo la kuridhika? Hana njia ila kuwauliza watu wanavyojisikia, kisha kulinganisha majibu yao na mawimbi yao. Kwa hiyo mashine inayojigamba kuisahihisha hojaji ni mwanafunzi wa hojaji hiyohiyo, tena mwanafunzi mwenye makosa yake ya ziada.

Hata mashine kubwa za hospitali za kupiga picha za ubongo unaofanya kazi (fMRI) haziioni furaha. Huonyesha mabadiliko ya oksijeni katika damu, na eneo moja la ubongo hushiriki katika kazi nyingi. Mwaka 2009 mtafiti Craig Bennett na wenzake walimweka samaki aina ya samoni, aliyekwisha kufa, ndani ya mashine ya namna hiyo, wakamwonyesha picha za watu, na kwa hesabu zisizorekebishwa, yaani zisizozingatia kwamba ukipima maelfu ya sehemu baadhi zitaonekana kuwaka kwa bahati tu, ubongo wake ukaonekana kufanya kazi.

Ndiyo maana nawaonya pia waajiri wanaotaka kuwapima wafanyakazi kwa mikanda badala ya kuwauliza. Nawe, kabla hujalipia vikao vya kuipandisha asilimia hiyo, omba uvishwe mkanda mara tatu asubuhi moja, uandike namba zote tatu.