Msiuzike mchezo baada ya maonyesho manne

Kikundi chetu cha maigizo kilipoanza, tulifanya mazoezi ya mchezo mmoja miezi sita, tukauonyesha mara nne, kisha maleba yakaingia kwenye gunia. Aliyecheza mama alipata kazi mkoa mwingine na mchezo ukaishia hapo. Unaniuma mpaka leo, maana onyesho la nne ndilo tulilocheza vizuri.

Kosa letu nililielewa nilipokuwa Denmark, nikawa napanda treni kwenda Holstebro, mji mdogo wa magharibi mwa nchi hiyo, kutazama kazi za kundi la maigizo la Odin Teatret. Nilimwona mwigizaji wao Roberta Carreri akicheza peke yake mchezo wa Judith, uliotoka mwaka 1987. Mwigizaji yuleyule, mchezo uleule, na kila hatua ya mguu wake bado ina sababu. Wao huandaa mchezo mpya polepole sana, lakini wa zamani hawautupi. Wanatembea nao nchi baada ya nchi, miaka na miaka.

Kwa hiyo, mwenzangu mwenye kikundi kidogo, tenga siku moja kila mwezi ya kurudia mchezo wa zamani, hata kama hakuna aliyewaalika. Na kati ya michezo yenu, uwepo mmoja wa mtu mmoja au wawili. Huo hauvunjiki mwenzenu akihama, na safari yake ni nauli za watu wawili tu. Vifaa vyote vienee kwenye gari moja. Kisichoenea, kiacheni.

Kuhusu lugha, msiogope kucheza mbele ya watu wasioijua yenu. Eugenio Barba, Mwitaliano, alianzisha Odin Teatret huko Oslo, Norwei, mwaka 1964 pamoja na vijana waliokataliwa na chuo cha uigizaji. Mwaka 1966 manispaa ya Holstebro iliwaita na kuwapa shamba la zamani la mifugo. Waigizaji kutoka Norwei, mbele ya watazamaji wa Denmark! Ilibidi mwili na sauti vibebe kile ambacho maneno hayakuweza kukifikisha, na hilohilo ndilo lililowafungulia njia ya kwenda mbali. Sisi wenye ngoma, vigelegele na majigambo tunaanza tukiwa na mali hiyo mkononi, halafu tunaandika tamthilia ambamo watu wamekaa kwenye makochi wanazungumza kurasa arobaini. Inanisikitisha.

Jambo lililonigusa kuliko yote ni kubadilishana. Mwaka 1974 walikaa miezi kadhaa Carpignano, kijiji cha kusini mwa Italia. Badala ya kuuza tiketi, walionyesha kazi yao na wanakijiji wakawalipa kwa nyimbo na ngoma zao. Niliporudi nyumbani nikawaomba wenzangu tujaribu. Tulifika kijiji kimoja bila kiingilio, tukaenda kwanza kwa mwenyekiti, tukaeleza: sisi tunacheza, nanyi mtatuchezea. Siku ya kwanza walisitasita. Tukacheza kwa nusu saa tu, tukakaa chini, tukasubiri. Ukimya ule ulikuwa mrefu, nanyi mtakutana nao. Msiujaze kwa hotuba. Mwishowe bibi mmoja alisimama akaanza wimbo wa mavuno, wanawake wakampokea.

Mwaka uliofuata tulirudi na mchezo uleule. Kabla hatujashusha ngoma kwenye gari, wale akina bibi walikuwa wamekwisha vaa sare, wakataka wao ndio waanze.