Unataka kidonge cha kulinda ini huku pombe inaendelea? Hapana ndugu yangu

Juzi kaka mmoja kaniandikia inbox anauliza ameze antioksidanti gani, yaani vile vidonge vya kuzima chembe kali zinazoharibu seli, ini lisiharibike, maana pombe kuiacha bado. Nimemjibu, ila naandika na hapa, najua mko wengi.

Mimi nilipigwa ultrasaundi nikaambiwa ini lina mafuta, na kwenye damu vimeng'enya viwili vya ini, AST imeizidi ALT zaidi ya mara mbili, daktari akaizungushia kalamu nyekundu akasema hii mara nyingi ni pombe. Muuza saplimenti mmoja yeye akanipa vitamini E na silimarini, ile dawa ya mbegu za mbigili, akasema meza hizi na bia zako endelea tu. Hilo neno linaniuma mpaka leo, maana chupa iliisha na vipimo vikapanda.

Ini linaigeuza pombe kuwa asetaldehidi, sumu kuliko pombe yenyewe, na kwa anayekunywa sana kimeng'enya kinachoitwa CYP2E1 kinaongezeka, hicho kikiivunja pombe kinamwaga chembe kali za oksijeni zinazotafuna mafuta ya kuta za seli. Mlinzi wa seli ni glutathioni, ini linaitengeneza lenyewe, sasa pombe ya kila siku inaimaliza, hasa ndani ya mitokondria, vile vinu vya nguvu vya seli. Ndio maana mnywaji akizidisha parasetamoli yuko hatarini zaidi, glutathioni ya kuzima sumu ya parasetamoli haitoshi, na hospitali wanampa asetilisisteini ili ini liitengeneze upya. Hapo sawa, inaokoa maisha kweli. Lakini kwa ini linaloliwa na pombe, vitamini E na silimarini zimejaribiwa na majibu hayajaridhisha.

Mimi niliacha pombe, basi. Majibu ya wiki iliyopita: vimeng'enya viko sawa, mafuta hayaonekani, na nimefurahi jamani, nasema wazi! Ini lenye mafuta tu linaweza kurudi ndani ya wiki chache ukiacha kabisa, ila likishakuwa makovu matupu habari ni nyingine, kwa hiyo acha sasa, usisubiri macho yawe ya njano. Acha, nasema tena acha.

Ila kama unakunywa nyingi kila siku usikate ghafla peke yako, unaweza kutetemeka, kuweweseka, hata kupata degedege. Mwone daktari kwanza, mwambie kiasi halisi unachokunywa, usimfiche hata chupa moja.