Kabureta ya Baba Mdogo na Ndoo ya Molasisi

Jumatatu usiku msomaji mmoja wa Lira, kijana mwenye pampu kuukuu ya maji inayotumia petroli, aliniandikia mstari mmoja tu: "Mzee, kabureta ya kasti nimeiloweka kwenye maji ya betri itoke kutu, tangu jana jioni, nitoe lini?" Nilishika kichwa. Kabureta ndiyo inayochanganya petroli na hewa kwa ajili ya injini, kasti ni chuma cha kusubu, na maji ya betri ni tindikali. Nikamjibu neno moja: SASA. Baadaye nikaona afadhali niandike yote, kwa kuwa swali hilo hilo niliwahi kuliuliza mimi, nikajibiwa vibaya, na jibu lile likanila kabureta nzima.

Mimi si makanika wa cheti. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye stoo ya spea hapa Jinja, nakaa Walukuba. Baba yangu mdogo, Mungu amrehemu, aliacha shambani Mayuge trekta ndogo ya kijivu, Ferguson ya 1951, ya aina iliyoundwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956. Alipofariki ikasukumwa chini ya mfenesi, ikakaa hapo miaka kumi na moja. Watu wa skrepu walikuja mara tatu na mizani yao. Mara ya tatu shemeji yangu alikuwa ameshaanza kupiga hesabu ya kilo. Niliposema haiuzwi, alicheka mbele ya wanangu: "Huyu anataka kufufua mifupa." Neno lile sijalisahau. Na nalitaja leo kwa sababu Jumamosi iliyopita, saa nne asubuhi, mifupa imewaka.

Turudi kwenye kutu. Petroli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo tone lolote la maji linaloingia kwenye kabureta linashuka chini kabisa ya bakuli lake la petroli na kukaa hapo. Petroli ikishakauka, maji yanabaki na chuma peke yao. Mimi nilipofungua ile ya baba mdogo, chini ya bakuli kulikuwa na tope jekundu kama udongo wa Mayuge, na floti, kile kiboya cha ndani, imegandamana nalo.

Nikaenda kwa fundi mmoja ambaye simtaji. Akaniambia: maji ya betri, usiku mmoja, asubuhi itang'aa kama sahani. Nilinunua, nikamimina, nikaona povu linapanda, nikalala na furaha. Asubuhi kutu ilikuwa imekwisha kweli. Lakini nilipoishika, vidole vilitoka vyeusi kama nimechezea penseli. Vipande vya zinki vilikuwa vimeyeyuka. Nyuzi za skrubu zimelika, na uso wa flanji, pale panapokaa gasketi, umekuwa kama ganda la fenesi.

Baadaye ndipo nilipoelewa. Kasti ina kaboni, kati ya asilimia 2 na 4, na kwenye kasti ya kijivu sehemu kubwa ya kaboni hiyo imekaa ndani kama grafaiti, kitu kile kile cha penseli. Tindikali kali haijui kutofautisha kutu na chuma. Ikimaliza kutu inaendelea na chuma chenyewe, inakuachia grafaiti. Nilikaa na ile kabureta mkononi, nyumbani kimya, na sikumwambia mtu kwa wiki mbili. Hata mke wangu nilimdanganya kwamba iko kwa fundi.

Kabureta ya pili niliipata Kampala, soko la Kisekka, chini ya rundo, baada ya kuzunguka siku mbili. Nayo ilikuwa na kutu kuliko ya kwanza! Safari hii niliapa: hakuna maji ya betri.

Dawa yenyewe ilikuwa karibu na nyumbani siku zote. Sisi watu wa Jinja tunapumua harufu ya kiwanda cha sukari cha Kakira, miwa inapita barabarani kila siku, na molasisi, yale masalio mazito meusi ya sukari wanayopewa ng'ombe, inauzwa kwa jerikeni. Changanya kipimo kimoja cha molasisi na vipimo tisa vya maji, kwenye ndoo ya plastiki. Tumbukiza chuma kizame chote. Halafu subiri. Molasisi inaikamata kutu na kuivuta taratibu, ikikigusa chuma kizima kidogo sana, na kwa kuwa ni maji, inaingia hata kwenye vile vitundu vya ndani ambavyo brashi haifiki. Yangu ilichukua siku kumi na sita. Kila baada ya siku nne nilikuwa naitoa, naisugua kwa mswaki mkuukuu, nairudisha.

Lakini kabla ya kuloweka, vua kila kisicho kasti: jeti za shaba (vile vipande vyenye tundu dogo la kupitishia petroli), floti, gasketi, na hasa chochote cha alumini au zinki, kwa sababu molasisi inavila hivyo. Osha grisi yote kwa dizeli kisha sabuni, maana penye grisi dawa haigusi. Skrubu zilizogoma zipe mafuta ya gia ya otomatiki yaliyochanganywa nusu kwa nusu na asetoni, uziache usiku kucha. Usizilazimishe. Mimi nililazimisha moja, ikakatika, na kuitoboa kulinichukua siku nzima ambayo sitaki kuisimulia.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni harufu. Molasisi na maji kwenye jua vinachachuka. Siku ya tano ndoo ilikuwa na povu, nzi wamejaa, na jirani akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, kusema napika waragi, pombe kali. Mwenyekiti alikuja na watu wawili. Nikaingiza mkono kwenye ndoo, nikatoa kabureta inayochuruzika weusi. Aliitazama, akanitazama, akauliza: "Sasa hii inalewesha nani?" Tulicheka, lakini ndoo nikaihamishia nyuma ya choo, na kuifunika.

Kuna wanaopenda umeme. Nao unafanya kazi: chaja ya betri ya volti 12, maji yenye magadi, waya hasi kwenye kipande chenye kutu, waya chanya kwenye kipande cha nondo. Niliutumia kwa mkono wa valvu ya hewa. Ila umeme unasafisha zaidi upande unaoitazama nondo, ndani ya vitundu haufiki vizuri, na kwetu unakatika ukiwa katikati ya kazi. Usitie chumvi badala ya magadi, itatoa gesi ya klorini. Usitumie chuma cha pua badala ya nondo, maji yatakuwa sumu. Na fanyia nje, mbali na sigara, kwa sababu mapovu yale ni haidrojeni.

Siki nayo inafaa kwa kutu nyepesi, siku moja, si zaidi, kisha suuza kwa maji ya magadi. Soda ya chupa kunywa mwenyewe.

Ukiitoa, haraka. Hapa Jinja, na hewa hii ya ziwani, kasti iliyosafishwa inaanza kupata rangi ya chungwa ukiwa bado unatafuta kitambaa. Suuza kwa maji ya moto, peleka kwa mtu wa pancha akupulizie hewa kwenye kila kitundu, ikaushe juu ya sigiri yenye makaa hafifu, paka mafuta ikiwa bado na joto. Jeti usizichokoe kwa waya, utapanua tundu na injini itakunywea petroli kama mlevi. Mimi nilitumia uzi wa nailoni wa wavuvi wa Masese. Flanji usiiguse na grenda. Weka msasa juu ya kioo, sugua taratibu.

Vijana wangu, mnaniuliza kila siku njia ya mkato. Njia ya mkato niliijaribu, nikailipia mara mbili, na bado kuna watu wanaouza ushauri ule ule kwa uso mkavu. Usitumie maji ya betri. Nasema tena, usitumie. Siku kumi na sita mnaziona nyingi, na trekta imesubiri miaka kumi na moja? Shemeji yangu Jumamosi alisimama pembeni ya ule moshi wa kwanza, mikono mfukoni. Aliuliza tu ikiuzwa sasa itafika shilingi ngapi. Sikumjibu.

Wewe wa Lira, umeniambia umeitoa na inachafua vidole. Suuza kwa maji mengi yenye magadi hadi isitoe povu tena, kisha kwaruza flanji kwa ncha ya bisibisi. Ukikuta chuma ng'aavu karibu, bado una kabureta. Ncha ikizama kwenye unga, usihangaike na molasisi, anza kutafuta nyingine. Nitumie picha mchana, juani. Ile ya usiku sikuona kitu.